Mjukuu Asiyechukua Nafasi

Jiwe la Bibi sasa liko jikoni kwangu, Shinyanga mjini, kati ya jiko la gesi na ndoo ya maji, na kila anayeingia hujikwaa hapo. Mume wangu amejikwaa mpaka ameacha kulalamika. Wiki iliyopita nilimwagia jiwe hilo maji kwa bahati mbaya, na ikapanda ile harufu. Nyinyi mliokulia kwenye machimbo mnaijua: harufu ya vumbi la mwamba likipata maji, ya baridi, karibu na harufu ya mvua ya kwanza lakini haina udongo ndani yake. Nikaacha vyombo, nikakaa sakafuni kama mwehu, nikacheka peke yangu. Bibi alishatutoka, na nilidhani nimekwisha kumlilia. Kumbe bado nilikuwa na cha kumcheka.

Tuliishi nje kidogo ya Masumbwe, jirani na karasha ambayo Baba alikuwa fundi wake. Karasha ni mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu, na wenye masikio ya kukaa karibu nayo ni wachache. Watoto wote wa eneo lile tulijifunza kuongea kwa kupayuka, na hata leo mume wangu hunifinya tukiwa kwenye basi ili nipunguze sauti. Vumbi lilikuwa kila mahali. Lilikuwa kwenye mashuka, kwenye uji, kwenye madaftari ya shule, na kwenye nyusi za Baba, ambaye jioni alirudi mweupe kama mtu aliyeshinda akikanda mandazi.

Nilichokiona kila siku pale ni hiki. Lori linakuja limejaa mawe. Mawe yanapondwa kwa nyundo, yanaingizwa kwenye karasha, yanatoka unga. Unga unapelekwa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, unaoshwa, watu wanainama, wananong'ona, wanagombana, na jioni mtu mmoja anaondoka na kitu kidogo kama punje ya mchele, kimefungwa kwenye kikaratasi. Lori zima limeingia, punje imetoka. Nikakata shauri mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba kusaga kunamaliza ukubwa. Kitu kikisagwa kinapungua, kikisagwa zaidi kinapungua zaidi, na ukiwa na subira ya kutosha kinafika mahali hakichukui nafasi kabisa. Nyuma ya mwalo kulikuwa na vilima vya mchanga wa kijivu ambavyo sisi tuliteleza juu yake tukiwa tumekalia madumu yaliyopasuliwa. Wakubwa waliviita marudio. Mimi nilijua ni vilima tu, vya Mungu, kama vilima vingine vyote vya nchi ile.

Bibi, mama yake Mama, alikuja kwetu wakati Mama alipokuwa na ujauzito wa mdogo wangu Maige. Kwa desturi Mama ndiye angekwenda kwao Ushetu kujifungulia, lakini ule ujauzito ulimlaza, akashindwa kusafiri, basi Bibi akafunga safari yeye. Alikuja na kitanda chake, na mbuzi wake, na jiwe lake la kusagia, kwa maelezo kwamba unga wa mashine una ladha ya dizeli. Jiwe lilikuwa pana, limelika katikati kwa miaka ya kusagiwa mtama na karanga, na juu yake lilikaa jiwe dogo la kushika mkononi. Hilo dogo Bibi aliliita mtoto. Akimaliza kusaga alimrudisha mtoto juu ya mama yake, kisha akawafunika wote wawili kwa kipande cha kanga, na ole wako uwatenganishe.

Sasa inabidi niwaeleze jinsi Bibi na Baba walivyoishi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa chochote. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawakai karibu, hawatazamani usoni, na hata kusemeshana moja kwa moja wanaona haya. Ndiyo maana si kawaida mama mkwe kuhamia kwa mkwewe, na alipohamia, heshima ilihamia naye. Baba alikula kibarazani. Bibi alikula kwenye kibanda cha jiko. Katikati ulikuwepo ua mtupu, umefagiwa vizuri, ambao jioni hakuna mtu aliyethubutu kuweka kigoda ndani yake. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana, maana wote walikuwa wapayukaji, lakini neno halikuvuka mpaka libebwe. Mbebaji nilikuwa mimi. "Kabula, mwambie bibi yako wabeja sana, asante kwa karanga." Ninakimbia, ninasema. "Kabula, mwambie baba yako zimebaki nyingine." Ninakimbia, ninasema. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na nilijiona nina cheo.

Na nilimpenda Bibi. Niseme wazi, wakati ule nilimpenda kuliko nilivyowapenda wote wengine nyumbani, na sioni haya. Alikuwa mcheshi, mbishi, na alinukia kama karanga za kukaanga. Nilipokohoa usiku, na nilikuwa nikikohoa sana, mkono wake ndio ulionifikia kwanza. Kikohozi hicho kilikuwa cha vumbi, na Mama aliogopa. Maige alipoanza kukaa mwenyewe na muda wa Bibi kurudi Ushetu ukafika, Mama akaamua kwamba niende naye, nisome huko, nikae kwenye hewa ya mashamba mpaka kifua changu kifunguke. Nilipoambiwa niliruka mpaka nikaangusha sufuria la maziwa.

Kisha akaja Mjomba Masanja kumchukua Bibi. Mjomba ni mdogo wake Mama, mkulima wa tumbaku, na hakuna siku aliyozungumza nami bila utani. Alikuja na kirikuu, zile gari ndogo za mizigo zenye kiti cha dereva na cha mtu mmoja pembeni yake, akakaa kwetu siku kadhaa akinunua vifaa vya nyumba yake mpya. Jioni ya kwanza alisimama kando ya gari, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Hebu tuone. Mama, yaani bibi yako, anakaa mbele na mimi. Nyuma kuna mabati, kuna saruji, kuna kitanda cha Mama, kuna mbuzi wake, na kuna hili jiwe. Kabula utakaa wapi?"

"Nitakaa juu ya jiwe."

"Juu ya jiwe anakaa mbuzi. Nimeshamwahidi."

Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Basi jiwe libaki," nikasema.

"Yaya!" Bibi alisikia tokea jikoni, na hiyo ndiyo hapana yake ya Kisukuma, ambayo haikuwa na rufaa. "Jiwe haliachwi. Nimelikuta kwa mama mkwe wangu, nimekuja nalo, narudi nalo."

Mjomba akanyanyua mabega. "Umesikia mwenyewe, mpwa wangu. Labda ujifunze kutochukua nafasi. Mtu asiyechukua nafasi mimi nambeba hata sasa hivi."

Mtoto mwenye akili timamu angejua huo ni utani. Mimi niliuchukua wote, nikaenda nao kulala. Kilichoniuma hasa kilikuwa lile neno la Bibi, jiwe haliachwi. Hakusema Kabula haachwi. Niliona wivu wa jiwe, jamani. Nililitazama pale lilipo, limetulia na kanga yake, nikalichukia kama watu wanavyomchukia mke mwenza.

Lakini chuki peke yake haikunitosha, nilitaka na mpango, na mpango nilikuwa nao. Nani alisema jiwe lazima lisafiri likiwa jiwe? Kwetu mawe yalisagwa kutwa. Nikilisaga la Bibi kwa bidii, litapungua mpaka liingie kwenye kibuyu, au hata kwenye kikaratasi. Bibi atalifunga kwenye pindo la kanga, nafasi yake itakuwa yangu, na tutaondoka wote watatu, yeye, mimi na unga wa jiwe. Sikuona ubaya wowote. Watu walikuwa wakipanga foleni karashani ili wasagiwe mawe yao, na wakisagiwa wanashukuru.

Kilichoniokoa ni malezi. Mtoto wa fundi karasha hasagi mzigo kabla ya sampuli. Mchimbaji akileta mawe yake, kwanza kinachukuliwa kipande kidogo, kinatwangwa pembeni kwenye kinu cha chuma, kinaoshwa kwenye karai, watu wanachungulia. Ndipo mzigo unaingia kwenye mashine. Anayeingiza mzigo bila sampuli anachekwa mpaka anahama kijiji. Kwa hiyo nikaliacha jiwe la Bibi, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta sampuli.

Nilichukua kikombe changu cha bati cha uji. Nikatafuta jiwe la kukijaza, nikajaribu moja na jingine, mpaka nikapata lililoingia kwa kubanwa na kuishia sawasawa na mdomo wa kikombe. Nikalitoa kwa taabu. Nikalipasua kwa nyundo ya Mama, nikalitwanga kwenye kinu cha chuma, nikachekecha kwa kitambaa cha neti, chenga nikazirudisha kinuni, nikatwanga tena. Nilikohoa, nikapumzika, nikatwanga. Mikono iliota malengelenge. Karasha ilinguruma upande wa pili na mimi nilinguruma upande wangu, na kila nilipousugua ule unga kati ya vidole na kuona ulivyolainika, nilijiona tayari niko Ushetu.

Jua lilipoanza kuinama nikauzoa unga wote, nikaanza kuumimina kwenye kikombe. Nilitarajia ukae chini kabisa, kidogo, kama chumvi iliyobaki kwenye kopo. Kikombe kikafika nusu. Kikajaa. Kikafurika. Na kwenye kanga niliyokuwa nimetandika chini bado kulikuwa na kichuguu cha unga ambacho hakikuwa na pa kwenda.

Nikadhani nimekosea kikombe. Nikakikagua, ni changu, kile chenye pengo kwenye mpini. Nikamwaga, nikamimina upya polepole kwa heshima, nikafurikiwa upya. Hapo nikalia kwa sauti ambayo hata karasha haikuweza kuifunika, na Mama akaja mbio na Maige mgongoni.

"Nani kakupiga?"

"Jiwe."

"Limekupiga wapi? Nionyeshe."

"Halijanipiga," nikasema kwa kwikwi. "Limeongezeka."

Mama alikitazama kikombe, akaitazama nyundo yake, akaitazama mikono yangu. Akaniosha, akanipaka mafuta, akasema haya mambo akaulizwe baba yako.

Jioni, baada ya chakula, kila mtu alikuwa mahali pake: Baba na Mjomba kibarazani, Bibi kwenye mlango wa jiko akimenya karanga, Mama kwenye mkeka wake pembeni akimnyonyesha mtoto. Nilimweleza Baba kuhusu kikombe. Sikumweleza kwa nini nilitaka kujua, maana siri ya mpango haitolewi. Baba hakucheka. Kwake hilo lilikuwa swali la kazi.

"Unga una upepo katikati," alisema. "Jiwe limeshikana, punje za unga hazijashikana, kila moja inataka pa kukaa. Unadhani vile vilima vya marudio ni nini? Ni mawe yale yale yaliyokuja na malori. Yamevimba."

Nilishikwa na butwaa. Vilima vyangu, vilima vya Mungu, kumbe vilipita karashani.

"Na dhahabu? Mbona inakuwa ndogo?"

"Dhahabu ilikuwa ndogo tangu mwanzo, mwanangu. Sisi tunaitoa tu ilipojificha."

"Na nikitwanga zaidi?"

"Unga utalainika."

"Zaidi ya hapo? Mpaka mwisho, mpaka ibaki chembe ambayo haitwangiki tena. Hiyo nayo itachukua nafasi?"

Baba akaacha kuchokoa meno. Swali lilimgusa, niliona. "Itachukua," akasema. "Kidogo sana, lakini itachukua. Kitu kisicho na ukubwa hakipo."

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Bibi, haikuelekezwa kwa mtu, ilielekezwa kwenye ungo wa karanga. "Kabula, ng'wanone, mwanangu, muulize baba yako. Hiyo chembe ya mwisho ina upande wa kulia?"

Baba alikuwa amesikia kila herufi. Nikavuka ua mbio hata hivyo. "Baba, Bibi anauliza chembe ya mwisho ina upande wa kulia?"

"Mwambie bibi yako inao."

Nikavuka. Nikarudi. "Anauliza, na wa kushoto?"

"Na wa kushoto pia."

"Basi mwambie," Bibi akasema, na safari hii aliweka karanga chini, "chenye kulia na kushoto kina katikati, na penye katikati nyundo inapita. Hiyo siyo ya mwisho. Ya mwisho haina kulia wala kushoto. Ipo hapo tu, basi."

Nikaubeba wote bila kudondosha neno. Baba akapiga paja kwa furaha. Sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine Masumbwe nzima aliyempa raha ya kubishana kama mama mkwe wake, na hakuwahi hata kumtazama usoni. "Mwambie bibi yako, kwa heshima zote, chembe isiyo na kulia wala kushoto ni bure. Nikimpa moja nimempa bure. Nikimpa gunia zima la hizo bure, atasonga ugali gani?"

Bibi akarudia karanga zake. Tulisikia maganda ya karanga yakipasuka. Mjomba akasema safari ya kesho kutwa ni ndefu na watu walale, hakuna aliyemjali.

"Mwambie hilo lake ni kweli," Bibi akasema mwishowe. "Mwambie na langu ni kweli."

"Mwambie haiwezekani yote mawili yawe kweli."

"Mwambie mbona yamekuwa."

Nilikuwa nahema kwa kukimbia, na kikohozi kikanishika katikati ya ua, kile cha kuinamisha mgongo. Mama akasema bila kupaza sauti, "Nyinyi bishaneni. Mimi ninachojua, vumbi nisiloliona kwa macho yangu limechukua nafasi kifuani mwa mtoto wangu. Msikilizeni." Wote wakanisikiliza, Baba upande ule na Bibi upande huu, na mimi pale katikati nikajitahidi kupumua vizuri ili niwapendeze.

Leo nafundisha fizikia sekondari, na sina shaka nani alinitia kwenye njia hiyo. Kila mwaka tukifika kwenye elektroni hutokea mwanafunzi mmoja wa kuuliza ina upana gani. Namwambia ninachokijua. Wataalamu wameipima kwa kila njia wanayoiweza na mpaka sasa hawajauona upana wake. Kwenye hesabu zao wanaichukulia kama nukta tu, ipo hapo, basi. Bibi angenenepa kwa furaha. Hapo hapo wanafunzi wananijia na gunia la Baba: kama ni nukta, mbona dawati linajaza mahali? Ndipo ninapochora ubaoni ua wa kwetu. Hapa Baba, pale Bibi. Wafanye wembamba unavyotaka, wafanye nukta, ua bado umejaa, kwa sababu mmoja akiwa mahali mwenzake hakai hapo. Elektroni nazo zina heshima yao, hazikubali kukaa mbili mahali pamoja kwa namna moja, na dawati linapata upana wake kutokana na kule kuepukana. Halafu nawaambia kwamba kuna chembe nyingine, za mwanga, ambazo hazina haya hiyo, zinaweza kurundikana mahali pamoja zitakavyo. Siwaambii kwamba mjadala umefungwa. Wapo wanaoamini ipo siku tutauona huo upana, na Baba, ambaye yu hai na mbishi vile vile, yuko pamoja nao.

Lakini siku ile sikuwa na elektroni ya kunifariji. Nilikuwa na kikombe kilichofurika na jiwe lisilopungua. Asubuhi ya safari nilikataa kuamka. Nililala kifudifudi nikiwasikia Baba na Mjomba wakilibeba jiwe, wakihema, wakiambiana taratibu, taratibu, na Bibi akiwaamuru kupitia kwa Mama waliweke chini ya kitanda lisicheze. Nilisikia mbuzi akipandishwa. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, nikajua Bibi amekaa. Nikatoka nikiwa na gauni la kulalia, peku, nikasimama mlangoni na kuegemea ukuta, maana niliona ni adabu mbaya kumwacha aondoke bila kuniona.

Mama alipita na mfuko wa nailoni mkononi. Niliutambua ukanda wa sare yangu ya shule ukichungulia.

"We Kabula, hujavaa? Watu wanakusubiri wewe."

"Sina nafasi," nikasema, na machozi yakaanza. "Mjomba alisema. Nilijaribu kulisaga, likaongezeka."

Mama alisimama. Nikaona anaunganisha mambo, kikombe, nyundo, malengelenge. Akamgeukia mdogo wake. "Masanja! Umemwambia nini mtoto huyu?"

Mjomba akatazama matairi.

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Nani kasema anachukua nafasi? Mtoto wa kupakatwa anachukua nafasi ya nani?"

Ilikuwa ni hivyo tu. Siku zote zile mfuko wangu ulikuwa umefungwa chini ya kitanda cha Mama. Hakuna aliyewahi kufikiria kuniacha, ila kwao jambo lenyewe lilikuwa wazi mno hata hakuna aliyeona haja ya kulisema: mtoto husafiri amepakatwa, na anayepakatwa hahesabiwi. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimehangaika na nyundo.

"Mwambie bibi yako umeshakua," Baba akasema kutoka kibarazani, akiutazama mwembe wa jirani ili asilitazame gari. "Miguu yako inafika chini."

"Mwambie baba yako hata jiwe linasafiri limempakata mwanawe. Mimi nishindwe?"

Ujumbe huo sikuufikisha kwa miguu. Niliupayuka tu nikiwa mbioni kuelekea garini, na gauni la kulalia, na Mama nyuma yangu na viatu.

Nilipokaa, magoti yangu yaligusa mbele na kichwa kiligusa juu, na Bibi akanizungushia mikono. Hapo Baba akafanya jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alivuka ua. Alikuja mpaka kwenye mlango wa gari uliokuwa bado wazi, karibu kuliko alivyowahi kumsogelea mama mkwe wake, uso ameugeuzia pembeni, akanishika mguu na kunivalisha viatu kimoja kimoja. Nilitaka kulia tena lakini niliona nitaaibisha safari.

"Mwambie bibi yako," alisema akiitazama karasha yake, "mahali pa wawili ni mahali pa wawili. Atalijua hilo akitaka kushuka. Nitasubiri habari."

"Mwambie asubiri," Bibi akasema juu ya kichwa changu.

Tulishika lami ya kwenda Kahama, kisha tukaiacha na kuingia barabara ya vumbi, vumbi jekundu la kawaida, la udongo, ambalo nilishangaa kuona halinikwaruzi. Yalianza kupita mashamba ya tumbaku na mahindi na nyumba za kukaushia tumbaku zenye harufu tamu nzito. Mjomba aliuliza mara kwa mara kama tusimame Bibi anyooshe miguu. Bibi akajibu hana haja, hasikii uzito wowote, kama amepakata kanga. Nilimwamini. Nililala juu yake na kinywa wazi, nikapumua kama sijawahi kupumua, na kila nilipozinduka mikono yake ilikuwa pale pale.

Tulipofika Ushetu nikaruka chini, nikazunguka ua wa Bibi mara moja kwa mbio, nikamkuta mbuzi ameshashushwa. Bibi bado yuko garini.

"Bibi, shuka."

"Nakuja."

Hakuja. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kuanzia nyonga mpaka kidole. Mjomba akamshika huku, jirani akamshika kule, wakamshusha kama walivyolishusha jiwe, na alipojaribu kukanyaga akakaa chini pale pale mavumbini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka mimi nikaogopa, mpaka na mimi nikacheka. Kisha akanivuta sikio na kuninong'oneza, kitu ambacho kwa mpayukaji kama yeye kilikuwa kama kiapo.

"Baba yako kasema kweli. Unachukua nafasi, tena umeichukua yote."

"Nimwambie?"

"Yaya. Usimwambie."

Baba aliuliza, kwa kweli. Aliuliza kwa simu wiki ile, Bibi akiwa amenisimamia macho makali, nikamjibu habari za safari ni nzuri. Aliuliza alipokuja kunichukua, kifua changu kikiwa safi kabisa. Jumapili hii amekuja kututembelea hapa Shinyanga, mzee sasa, nyusi nyeupe bila vumbi lolote. Alijikwaa kwenye jiwe kama kila mtu. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akalitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa jiwe hakuna anayekukataza kulitazama.

"Kabula," akasema, "hebu niambie sasa. Siku ile bibi yako alishukaje?"

Nilimtazama mtoto wa jiwe, ametulia juu ya mama yake, wote wawili wamechukua jiko langu.

"Alishuka kama msichana, Baba," nikasema.